Taa za kabati la sanamu zangu

Sanamu yangu ya kwanza niliitoa kwenye gari. Mwaka 2014 nilikuwa nakimbiza makaratasi kwa wakala mmoja wa forodha bandarini Dar es Salaam, na sehemu ya kazi ilikuwa kukagua magari ya mitumba kutoka Japani kabla wenyewe hawajaja kuyachukua. Ndani ya magari yale huwa unakuta vitu vidogo vidogo vilivyosahauliwa: sarafu za yeni, risiti za mafuta, hirizi za hekaluni za kuombea usalama barabarani. Siku hiyo, juu ya dashibodi ya gari dogo la rangi ya fedha, alikuwa amesimama msichana wa plastiki mwenye urefu wa kidole cha kati, amebandikwa kwa gundi ya utepe. Mwenye gari alikuwa mama mmoja wa Morogoro. Nikamwomba.

"Chukua mwanangu," akasema. "Mimi nimefuata gari."

Nilipoibandua ndipo nilipoona. Upande uliokuwa ukitazama kioo cha mbele, nywele zake zilikuwa zimepauka hadi kufanana na maziwa yaliyotiwa tone la chai. Upande wa pili, uliokuwa ukimtazama dereva, nywele zile zile zilikuwa za waridi iliyokoza. Mpaka wa rangi hizo mbili ulipita utosini, ukashuka nyuma ya sikio, kama mtu aliyechanwa njia. Mwili mmoja, plastiki moja, rangi iliyopulizwa kiwandani siku moja. Tofauti yao ilikuwa jua tu.

Tangu hapo zimeongezeka. Nyingine nimeagiza mtandaoni, nyingine nimezipata kwenye mitumba Karume, zimechanganyika na magari ya kuchezea na midoli isiyo na mikono. Leo ziko 64. Nyumbani wanaziita midoli, sina ugomvi nao, ila mimi naziita sanamu, kwa kuwa kabla kiwanda hakijamimina hata moja, kuna mchongaji aliyekaa na kuchonga mfano wa kwanza, akahangaika na mkunjo wa sketi na pembe ya shingo. Kazi ya mtu huyo ndiyo ninayoitunza. Na katika miaka kumi ya kuitunza, kitu kilichoniharibia zaidi si vumbi, si mtoto, si kuhama nyumba. Ni mwanga, na mara zote nilikuwa nimeuweka mwenyewe.

Watu wanaponiuliza niwaambie waweke taa gani, swali la kwanza huwa ni ipi inawaka sana. Naomba nianze mbali kidogo.

Mwaka 2016 nilipanga chumba na sebule Tabata. Nikapigilia rafu ukutani, mkabala na dirisha, kwa sababu mwanga wa jioni ulikuwa unazipendezesha sanamu kuliko nilivyowahi kuona. Dirisha lilitazama magharibi. Kuanzia saa 9 alasiri jua lilipiga rafuni moja kwa moja hadi linazama. Katikati ya rafu kulikuwa na roboti jeupe, lile la kuunga mwenyewe kipande kwa kipande, lililonichukua mikesha mitatu. Mwaka 2019 nikawa nahama. Nikalivua ngao mkononi ili nilifunge vizuri kwenye boksi. Pale ngao ilipokuwa imefunika, mkono ulikuwa mweupe kama siku niliyoukata kwenye fremu yake. Kwingine kote, kifuani, mabegani, usoni, rangi ilikuwa ya meno ya mvuta sigara. Umbo la ngao lilikuwa limebaki juu ya mkono kama alama ya saa kwenye ngozi ya mtu.

Nilidhani ni moshi wa jiko. Nikaliosha kwa sabuni, nikalisugua kwa mswaki laini. Hakuna kilichotoka, kwa sababu hapakuwa na uchafu. Plastiki yenyewe ndiyo iliyokuwa imebadilika.

Jambo hili mama zetu wanalijua bila kusoma kemia. Kanga mpya haianikwi juani uso juu. Inageuzwa ndani nje, au inaanikwa kivulini. Kiti cha plastiki kikikaa uani miaka miwili hupauka, kikawa kama kimepakwa chaki, na siku mgeni mzito akikikalia mguu unakatika. Na matenki yetu mengi ya maji ni meusi kwa sababu plastiki yake imechanganywa na masizi maalumu yanayomeza miale ya jua kabla haijaivunja plastiki, na pia yanazuia mwanga usioteshe utando wa kijani ndani. Sanamu haina masizi. Sanamu ina rangi ya waridi.

Sanamu nyingi za kiwandani ni PVC, plastiki ya ukoo mmoja na mabomba ya maji, ila imelainishwa kwa mafuta maalumu ili nywele na nguo zikubali kukunjamana. Sehemu zinazotakiwa kuwa ngumu, kama upanga na kitako cha kusimamia, mara nyingi ni ABS, plastiki nyingine iliyo ngumu zaidi. Roboti za kuunga huwa za polistairini, ambayo nayo ni aina ya plastiki, na viungo vyao mara nyingine vya ABS. Kila moja ina ugonjwa wake. ABS ni mchanganyiko wa vitu vitatu, na kimojawapo, butadieni, ndicho kinachoifanya isivunjike ovyo. Hicho hicho ndicho kinachoshambuliwa kwanza na mwanga ukishirikiana na oksijeni, na plastiki ikawa ya njano, kisha ikakakamaa. Polistairini nayo hugeuka njano juani. PVC ikipigwa na joto au mwanga huachia asidi kidogo kidogo, na kinachobaki nyuma huwa na rangi ya kahawia. Viwanda huweka dawa za kuichelewesha hali hiyo, lakini dawa huisha. Halafu kuna rangi zenyewe. Mwanga hauzioshi rangi kama maji, unavunja molekuli zake, na molekuli ikishavunjika hakuna wa kuiunga.

Katika mwanga wa jua na wa taa, miale yenye nguvu kuliko yote ni ya urujuanimno, ile tusiyoiona. Inayofuata ni urujuani na buluu. Nyekundu ndiyo dhaifu. Kwa hiyo ukichagua taa unaangalia mambo manne: ina urujuanimno kiasi gani, ina buluu kiasi gani, inatoa joto kiasi gani, na utaiwasha kwa muda gani. Hilo la mwisho watu hulisahau, nami nitalirudia.

Kabla ya taa, dirisha. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale ile inayounguza ngozi, lakini urujuanimno wa mawimbi marefu hupenya, kwa hiyo usijipe moyo kwamba dirisha limefungwa. Kuna plastiki nyembamba za kubandika kwenye kioo ambazo huzuia karibu urujuanimno wote. Ni nzuri, ila mwanga unaoonekana nao hupausha, kwa hiyo pazia zito bado linahitajika. Na uangalie dirisha lako linatazama wapi. Mashariki na magharibi huingiza jua mwaka mzima. Kwa sisi wa Dar, tulio karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, jua la mchana huwa upande wa kusini kuanzia kama katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, miezi mingine yote liko kaskazini. Ukikagua chumba mwezi Desemba ukaridhika kwamba dirisha la kaskazini haliingizi jua, rudi ukalikague mwezi wa 6. Mimi siku hizi kabati liko kwenye ukuta wenye dirisha, yaani dirisha liko ubavuni mwake na si mbele yake, na halijawahi kuguswa na jua hata siku moja.

Kabati hilo nilitengenezewa mwaka huo huo wa 2019 na fundi wa aluminiamu: urefu mita 1.8, rafu 4 za kioo cha milimita 5, milango miwili ya kusukuma. Kazi safi. Fundi wa umeme aliyekuja baada yake akaniwekea juu taa mbili za halojeni, wati 35 kila moja, zile ndogo zenye kikombe cha kuakisi. Sitasema uongo, sijawahi kuziona sanamu zangu zikipendeza kama usiku ule. Halojeni huonyesha rangi kwa usahihi kabisa, nyekundu inakuwa nyekundu, ngozi inakuwa ngozi. Nilikaa chini kwenye mkeka nikaangalia mpaka saa 6 usiku.

Lakini halojeni ni ndugu wa balbu ya zamani ya waya, na sehemu kubwa ya umeme inaoula inatoka kama joto. Ukiifungia ndani ya kabati la kioo unakuwa umetengeneza tanuri dogo. Nilitundika kipimajoto rafu ya juu usiku mmoja wa Februari. Chumbani ilikuwa nyuzi 30. Ndani ya kabati, baada ya saa mbili, 43. Plastiki haiyeyuki kwa joto hilo, na ndiyo maana watu wanajiona salama. PVC iliyolainishwa haihitaji kuyeyuka. Inahitaji kuwa vuguvugu na kubeba uzito kwa muda mrefu, basi inalegea pole pole kama mshumaa uliosahauliwa ndani ya gari.

Rafu ya juu alikuwa amesimama mpiga upanga, mguu mmoja chini, mwingine nyuma hewani, koti limepeperuka. Uzito wote kwenye kifundo kimoja kisichozidi unene wa penseli. Mwezi wa tatu nikaona upanga umekaribia kioo. Wiki mbili baadaye ulikuwa umekigusa. Nilimtoa nikamtumbukiza mguu kwenye maji ya moto, si yanayochemka, nikamnyoosha, nikamshikilia hivyo hivyo na kumzamisha kwenye maji baridi. Amerudi kusimama. Ila kwenye kifundo, ukimsogeza karibu na macho, kuna ukunjo mwembamba mweupe kama uzi, pale plastiki ilipochoka. Nikimfuta vumbi kidole changu kinaujua mahali ulipo.

Joto lile lile liliwafanya wawili wengine wanate. Ukiwagusa unahisi kama mtu aliyepakwa asali akafutwa vibaya. Hayo ni mafuta ya kulainishia yanayojitoa ndani ya PVC na kukaa juu ya ngozi, na joto huyaharakisha, hasa kabati likiwa limefungwa hewa haipiti. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo yaliwaponya kwa muda. Baadaye nilimrudisha fundi wa aluminiamu atoboe matundu manane, manne chini nyuma na manne juu, nikayaziba kwa vipande vya wavu wa mbu kuzuia vumbi. Aliniuliza, "Kaka, hizi zinapumua?" Nikamwambia ndiyo, kwa namna yake zinapumua. Akatoboa.

Taa za tyubu sitazikalia sana. Ndani yake kuna mvuke wa zebaki unaotoa urujuanimno, na unga mweupe ulioko kwenye kioo hubadilisha miale hiyo iwe mwanga wa kuonekana. Kazi hiyo haifanyiki yote, kuna kidogo kinachovuja. Ikiwa darini mbali na kabati, sawa. Ndani ya kabati, hapana.

Kwa hiyo tumebaki na LED, na hapa ndipo penye uchaguzi wa kweli, maana LED si kitu kimoja. LED nyeupe kwa asili yake ni ya buluu. Kijipande cha ndani kinatoa mwanga wa buluu, kimefunikwa na unga wa njano unaomeza sehemu ya buluu ile na kuitoa kama rangi nyingine, macho yetu yakichanganya yanaona nyeupe. Itazame ikiwa imezimwa, utaona kidoa cha njano. Kuipata hiyo buluu kuliwachukua watafiti miaka mingi. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa ajili yake. Kwetu maana yake ni mbili. LED nyeupe ya kawaida karibu haina urujuanimno, na joto inalotoa kwa mbele ni dogo mno. Lakini ina kilele cha buluu, na kilele hicho hukua kadiri taa inavyokuwa nyeupe ya baridi, yaani yenye kuelekea buluu.

Ndiyo maana namba ya kelvini kwenye boksi, kipimo cha rangi ya mwanga, si mapambo. 3000 ni mwanga unaoitwa wa joto, yaani wa kuelekea njano, kama wa balbu ya zamani. 4000 ni wa katikati. 6500 ni ule mweupe mkali wa dukani, wenye buluu nyingi. Nilipokwenda Kariakoo kutafuta taa za utepe, zile zinazofichwa kwenye dari za jipsamu, muuzaji alinifungulia ya 6500 kabla sijamaliza sentensi. "Kaka yangu, chukua hii, ndiyo inawaka." Kweli iliwaka. Nilikuwa na sanamu moja mfukoni kwa ajili ya kujaribia, nikaiweka chini ya taa ile pale kaunta. Mashavu yake yakawa ya kijivu kama ya mtu aliyetolewa majini. Nikaomba ya 3000, damu ikarudi usoni.

Namba ya pili ni ya usahihi wa rangi. Kwenye maboksi huandikwa CRI au Ra, kipimo ambacho juu yake kabisa ni 100. Taa nyingi za bei ya chini huwa 80 hivi au pungufu, na kinachokosekana zaidi ni nyekundu, ndiyo maana ngozi inakufa. Tafuta 90 na zaidi. Mimi nilizunguka maduka matano kabla sijaipata, na ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya nyingine. Ningeilipa tena.

Kuna watakaobisha kuhusu 3000. Wenye roboti nyeupe na nywele za samawati watasema inazigeuza zote kuwa kama samli, na katika hilo wana haki. Rafu yangu ya tatu, ya roboti, ina 4000, nikaifidia kwa kupunguza ukali. 6500 siweki popote.

Usinunue kwa ajili ya sanamu zile taa za zambarau za sherehe zinazofanya nguo nyeupe ing'ae. Zile ni za urujuanimno kwa makusudi, ndiyo kazi yake. Nimeona kabati la kijana mmoja limepambwa nazo chini hadi juu, sanamu za rangi kali ziking'aa kama makaa, na rangi za aina hiyo ndizo zinazokufa mapema kuliko zote. Nilimsihi azitoe usiku ule ule.

Kuhusu nguvu. Tepe huitwa kwa ukubwa wa kijipande chake: 3528 ni milimita 3.5 kwa 2.8, na 5050 ni milimita 5 kwa 5. Zikiwa na vijipande 60 kwa mita, ya 3528 hula kama wati 4.8 kwa mita na ya 5050 kama wati 14.4. Kabati halihitaji 5050. Nilichukua mita 4 za 3528, volti 12. Hiyo ni wati 19.2, yaani ampia 1.6. Adapta ya ampia 2 ingebeba kwa shida, na adapta haitakiwi kubeba zaidi ya asilimia 80 ya ilichoandikiwa, kwa hiyo nilinunua ya ampia 3.

Adapta ya kwanza niliyonunua ilikuwa imeandikwa ampia 3 lakini ilikuwa nyepesi kama boksi la kiberiti. Baada ya nusu saa ilianza kulia kama mbu, nikaigusa nikarudisha mkono. Niliitupa siku hiyo hiyo. Tangu hapo kila adapta mpya naiwasha juu ya sakafu ya vigae nikiwa nimekaa hapo hapo, saa nzima, na naigusa kila baada ya dakika chache. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikiwa huwezi kuishika mkononi ukahesabu hadi kumi, isiingie nyumbani mwako. Adapta inakaa nje ya kabati, penye hewa, wala isilaliwe na pazia au boksi tupu la sanamu. Na plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani. Nyingi huja na ya ampia 13, ambayo ni ya pasi na birika. Kwa mzigo mdogo kama huu weka ya ampia 3, ili waya ukigusana fyuzi iwahi kukatika kabla ya waya kuungua. Na kwa kuwa umeme ukirudi baada ya kukatika unaweza kuja na kishindo, nimechomeka yote kwenye kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu.

Sehemu niliyoifurahia zaidi ni kuamua taa zikae wapi. Fundi alitaka juu nyuma, kama kwenye dari, kwa sababu waya unafichika. Nikamwomba tushike utepe kwa mkono kwanza, gizani, tujaribu. Ukiwa juu nyuma, mgongo wa sanamu ndio unaopata mwanga, na uso unabaki kivulini. Ukiwa juu katikati, nywele za mbele zinaangusha kivuli machoni. Macho ya sanamu hizi yamechapwa kwa tabaka za rangi nyembamba kuliko karatasi: nyeusi ya kope, kisha rangi ya mboni iliyokolea juu na kufifia chini, kisha nukta moja nyeupe. Nukta ile ndiyo uhai wote. Kivuli kikiifunika, unabaki na mdoli. Tukashusha utepe kwenye nguzo mbili za mbele, kulia na kushoto, wima kutoka juu hadi chini, ukitazama ndani kwa pembe. Kila rafu ikapata mwanga wake kwa pande mbili, nukta zile zikawaka zote kwa pamoja, na fundi mwenyewe akasema, "Ahaa."

Utepe tuliuweka ndani ya njia za aluminiamu zenye kifuniko cheupe cha rangi ya maziwa. Aluminiamu inachukua joto la nyuma ya LED, maana joto lipo, ila linatoka kwa nyuma. Kifuniko kinatawanya mwanga ili usione vidoti kwenye kila kitu kinachong'aa. Tena gundi ya nyuma ya utepe haidumu kwenye joto na unyevu wa Dar. Bila njia ile ungeshakuta umeanguka juu ya vichwa. Kipimajoto sasa kinasoma 32 chumba kikiwa 30.

Sasa lile la muda. Makumbusho huweka kama luksi 50, yaani kipimo cha mwanga unaokiangukia kitu, kwa vitu vinavyodhurika upesi, kama nguo za kale na michoro ya rangi za maji, na kama 200 kwa vigumu zaidi kama michoro ya mafuta. Lakini luksi peke yake haikuambii kitu mpaka uizidishe kwa saa. Luksi 50 kwa saa 10 ni sawa na luksi 500 kwa saa moja. Uharibifu unajumlishwa kama deni la duka, haulali. Nilipima kwa programu ya simu, ambayo si sahihi kama kifaa chenyewe lakini inatosha kulinganisha. Ndani ya kabati, taa zikiwa zimefifishwa, napata kama 150. Nawasha saa 4 kwa siku. Kwa mwaka ni luksi-saa 219,000. Pale Tabata, kwenye rafu, hata kabla jua halijafika, simu ingesoma 2,000 kirahisi. Chukua saa 11 za mchana kwa siku 365, unapata zaidi ya milioni 8, na hapo sijaweka jua lenyewe. Nilipomaliza hesabu hiyo niliacha kulilaumu lile roboti.

Kuwasha na kuzima inafanya saa ya plagi, ile ya kuzunguka yenye meno madogo pembeni. Inawasha saa 1 usiku, inazima saa 5. Ina tabia moja ya kujua: umeme ukikatika, nayo inasimama. Umeme ukikosekana kwa saa mbili, saa hiyo inabaki nyuma kwa saa mbili, na usipoirekebisha utashangaa kabati linawaka usiku wa manane wote mmelala. Kila Jumapili jioni nailinganisha na simu.

Kuna watakaoniuliza kama njano inaweza kuondolewa. Kuna dawa ya peroksidi ambayo watu huitumia kwa plastiki ngumu isiyo na rangi juu, na hufanya kazi, ingawa njano hurudi baadaye. Kwa sanamu iliyopakwa rangi sithubutu. Na njano nyingine huja hata gizani, kwa joto na hewa tu, hilo hakuna taa ya kulizuia.

Kilichonitoa wasiwasi ni jaribio la senti tano. Mwezi wa 10 mwaka jana nilikata boksi la sanamu, upande wenye waridi iliyokoza, nikapata vipande viwili virefu kama rula. Kila kimoja nikakifunika nusu kwa karatasi ya foili ya jikoni. Kimoja nikakiegemeza dirishani, cha pili nikakiweka rafu ya juu ya kabati, nyuma ya mpiga upanga. Mwezi wa 2 nikavifunua. Kile cha dirishani kilikuwa na mstari katikati, upande mmoja waridi, upande mwingine maziwa yenye tone la chai, sawasawa na kichwa cha yule msichana wa kwenye gari. Niliviweka pamoja mezani nikaviangalia kwa muda mrefu. Kile cha kabatini nilikigeuza kwenye mwanga, nikakipeleka uani mchana, nikamwita mke wangu aniambie foili ilikuwa upande gani. Akaonyesha upande usio sahihi.

Nimekifunika tena kwa foili ile ile na kukirudisha rafuni. Nyuma yake nimeandika tarehe kwa penseli. Nitakifunua mwezi wa 10.